Njia ya Nukta Kutoka Stesheni

Marehemu baba yetu, ambaye mjini wengi walimwita Mzee Kontua kwa ile mistari ya miinuko aliyoichora maisha yake yote, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa hapa bondeni. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa injini.

Alisoma shule iliyo nyuma ya stesheni, kisha chuo cha upimaji ardhi. Papara hakuwa nayo hata chembe, na kalamu ya wino ilimpenda.

Mwaka 1966 ofisi ya ramani ilimtuma kupima mji huu: reli, daraja, mto na milima ya pande zote mbili. Akapanga chumba juu ya kilima. Kila jioni alikatiza vichakani kushuka stesheni, eti kuulizia treni. Treni yenyewe ilipita mara mbili kwa wiki. Aliyekuwapo kila siku ni karani wa tiketi, ambaye ndiye mama yetu.

Ramani ilipokamilika, mkuu wake aliona mstari wa nukta ukipanda kilima.

"Njia hii wanapita nani?"

"Watu, mzee."

"Watu gani?"

"Mimi."

Mkuu alicheka, lakini akamwonya: bonde likipimwa upya na njia ikakutwa haina watu, itafutwa.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1968, wakajenga pale njia inapoishia. Tangu hapo hakutaka mtu wa nyumba hii azunguke barabarani. Tukilalamikia matope, alisema, "Piteni, wanangu, msinifanye mwongo." Mama alimtania kwamba alioa ili apate wapita njia. Alistaafu mwaka 1996, njia ikiwa bado ramanini.

Miaka miwili iliyopita moyo ulianza kumsumbua, na mlima ukamshinda. Sisi tulikuwa tumetawanyika, nyasi zimeota, na wapimaji wamerudi bondeni. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Aliniuliza, "Sasa atapita nani?" Nikamfunika shuka vizuri. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akaletwa nyumbani kwa treni.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake, shangazi yetu.

Leo pale stesheni gari lilikuwa tayari kuzunguka barabarani. Mama akalikataa. Tumembeba kwa kupokezana kupitia njia yake, mji mzima nyuma yetu, mpaka nyasi zikalala.

Baba, wamepita watu. Pumzika sasa kwa amani.