Sahihi ya Mwenye Shamba

Ndani ya basi, mwanafunzi aliyeketi nyuma ya wazee wawili alikuwa amefungua kitabu, lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kuhamia kiti cha mbele. Hapo rubani mstaafu alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua historia ya mashindano ya kila mwaka ya ndege zisizo na injini.

"Mwaka wa kwanza nilifika mbali kuliko wote, nikatua kwenye shamba la maharage ng'ambo ya mto. Sheria ilitaka sahihi ya mwenye shamba kuthibitisha mahali nilipotua. Mwenyewe, binti mmoja, akakataa katakata, nikawekwa wa pili."

"Ungesalimia kwanza," bibi akasema. "Ndege yako imelalia maharage yangu, halafu neno la kwanza ni 'tia sahihi hapa'?"

Mzee akageuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu basi liondoke. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Lete kalamu."

"Miaka arobaini, dada yangu. Leo waandalizi wanaisoma historia hiyo kwenye uwanja wa mashindano, na mimi bado wa pili."

Bibi akaandika nyuma ya tiketi: "Alitua kwangu. Hana adabu." Mzee akacheka hadi machozi. Basi likasimama penye uwanja.

"Mwandiko wangu hawataweza kuusoma peke yao," bibi akasema, akashuka naye, ingawa alikuwa amelipa nauli ya kufika mwisho wa safari.