Ufunguo Ambao Silvester Hakuuomba

Marehemu Silvester Mathias Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Mbinga, mkoani Ruvuma, mtoto wa kwanza wa Mzee Mathias na Mama Faraja. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha ufundi umeme, Songea.

Mwaka 2008 alikuja Mafia kuendesha mtambo wa barafu ya wavuvi, Kilindoni. Baadaye alimleta mdogo wake Albina, anayesoma wasifu huu, asimamie chumba cha swichi. Sheria yake ilikuwa moja: hagusi mota mpaka aliyekata umeme kwenye swichi kuu aifunge kwa kufuli na kumkabidhi ufunguo mkononi. Msaidizi wake, Hemedi, alichukia mwanzoni.

"Fundi, kwani huniamini?"

"Siiamini mashine. Lete ufunguo."

Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Devota. Kwenye sherehe alimwacha bibi harusi amesimama na kisu cha keki, akaenda na suti yake kukagua nyaya za muziki. Devota alinuna mpaka keki ikaisha.

Marehemu hakuugua. Kilichougua ni transista, swichi ya elektroniki iliyo ndani ya kifaa cha kuendeshea mota. Joto na chumvi viliila taratibu. Swichi ya namna hiyo ikiungua huweza kugandana ndani, ikapitisha umeme muda wote, huku taa ya nje ikionyesha imezima. Hayo aliyafundisha yeye mwenyewe.

Ijumaa tarehe 18 Julai 2025, saa saba mchana, mota ilisimama ghafla. Hemedi alikuwa msikitini. Silvester aliuliza, "Albina, umekata?" Albina alitazama taa, akaona imezimika, akajibu, "Nimekata, kaka." Hakwenda kwenye swichi kuu. Silvester alishika nyaya za mota, akafa palepale.

Hakuomba ufunguo. Kwa Hemedi aliuomba kila siku. Kwangu hakuuomba hata mara moja, kwa sababu mimi ni damu yake.

Hemedi yuko mahabusu tangu Jumamosi. Baadhi yenu mliokaa mbele ndio mliotaja jina lake, mkisema ndiye aliyeacha umeme bila kuukata. Nilikuwepo, nikanyamaza, nikala wali wa msiba pamoja nanyi.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na mdogo wake mmoja. Wifi Devota, siku zote hizi unaniambia afadhali alikufa mikononi mwa ndugu yake. Ndivyo alivyokufa.

Mungu ampumzishe kwa amani. Mzikeni bila mimi. Nakwenda polisi, Hemedi atoke.