Mama Advera na Picha ya Mwezi wa Tisa

Marehemu Benedikta Nyamizi Shilinde, tuliyezoea kumwita Mama Advera, alizaliwa Tura tarehe 14 Aprili 1961. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, mwaka 1975. Walimu walimlalamikia jambo moja tu: hatulii!

Alianza kazi ya kuwauzia chakula abiria wa treni kituoni Tura. Siku moja mwaka 1983 abiria aliondoka na sahani yake. Akarukia behewa, akaipata, akashukia kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu na sahani kichwani. Fundi reli Adriano Mayala, aliyemwona akipita, alisema, "Huyu ndiye." Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984, wakahamia Tabora mjini.

Machi 2022 alipigwa picha ya matiti. Daktari akamweleza, "Mama, kuna chembechembe za kalsiamu. Mara nyingi si ugonjwa. Ila zako zimejikusanya sehemu moja. Rudi mwezi wa tisa tupige nyingine tulinganishe." Jamani, marehemu alitafuna udongo tangu mimba yake ya kwanza! Akajipa jibu mwenyewe: "Ni ule udongo, umekwenda kukaa titini." Akautupa wote, akajiona amepona. Mwezi wa tisa ukapita. Yeye aliyefuata sahani hadi kituo cha pili hakurudi kufuata picha.

Januari 2024 binti yake Advera alimlazimisha kwenda. Daktari alisikitika, akamweleza kwamba kalsiamu inayoliwa haiendi kukaa titini. Wakachukua kinyama cha titi kwa sindano, wakakipima, wakakuta saratani. Je, angerudi mapema, angepona? Swali hilo linamtesa Advera, maana picha yake mwenyewe ya Desemba iliyopita ilionyesha chembechembe kama zile. Siku yake ya kurudi hospitalini Mwanza ni keshokutwa Jumatatu, tanga likiwa bado halijaanuliwa.

Marehemu alilijua hilo. Wiki iliyopita alimwambia, "Shangazi zako watasema umekimbia msiba. Waache waseme. Wewe nenda, mwanangu." Akaagiza maneno hayo yasomwe hapa, mbele ya shangazi wote.

Alifariki Jumatano, 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiuliza kama Jumatatu imefika.

Ameacha mume, watoto watatu, Advera, Sixbert na Jenifa, pamoja na wajukuu watano. Jumatatu alfajiri Advera atapanda basi la Mwanza. Sisi tutabaki matangani. Mama Advera, hukutulia maisha yako yote. Tulia sasa, upumzike kwa amani. Binti yako atarudi kupigwa picha.