Kichomi Kilichozama

Wapendwa, mwenye kumbukumbu nzuri atakumbuka kwamba mimi nimekwisha kusimama mahali hapa. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na shati lilikuwa hili hili. Nilisema nilikuwa na kichomi na sasa nimepona. Mkapiga makofi, kwaya ikaimba, nikaketi. Leo nimeomba nafasi tena kwa sababu siku ile nilisema nusu ya habari.

Nitakwenda kwa mpangilio. Wanaonijua sokoni wanajua siwezi kuanza jambo katikati.

Kichomi kilianza mvua zilipokuwa zinaisha, watu wakivuna maharage. Nilikuwa nimetoka Kasulu na mzigo wangu wa mawese, nashusha madumu hapa Kibondo, nikasikia kitu kinanikamata chini ya ubavu wa kulia. Nikipumua kawaida, hakuna neno. Nikivuta pumzi ndefu, ni kama mtu amenidunga na sindano ya kushonea magunia. Kupiga chafya nilikuogopa kuliko nyoka. Nilijifunza kupumua kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Nikasema ni dumu. Nimelinyanyua vibaya, msuli umeshtuka. Na ndugu zangu, nawaambia, hilo lingeweza kuwa kweli. Lakini kulikuwa na mambo mengine, na niliyaona yote. Jioni mwili ulipata joto, asubuhi umepoa: nikasema ni malaria. Kikohozi kikavu: nikasema ni vumbi la barabara. Mkanda ulihama matundu mawili: nikasema ni kazi. Kila jambo nililipa sababu yake, na sababu zote zilikuwa nzuri. Nilichokosa ni kuyaweka pamoja.

Mke wangu alisema twende hospitali. Nilimjibu kwamba hospitali si mahali pa kupeleka msuli.

Sasa, sisi Waha tunajua, maumivu yanayokaa mahali pamoja husemwa ni damu mbaya iliyoganda. Huumikwa kwa pembe. Safari iliyofuata nikitoka Kasulu nilipitia Rungwe Mpya, kwa mzee mmoja ambaye hata baba yangu aliumikwa kwake. Alinichanja ubavuni kwa wembe mpya niliokwenda nao, akaweka pembe ya ng'ombe, akavuta kwa mdomo. Akaniambia nitazame. Damu ilikuwa nyeusi, nzito. Akasema ndiyo hiyo iliyokuwa inakudunga, subiri kama wiki mbili.

Mzee yule hakunidanganya. Aliniambia alichokijua, na kwa kadiri ya hesabu ya siku, alipatia. Wiki mbili hazijatimia, asubuhi moja nilikaa kitandani nikavuta pumzi mpaka chini, nikaisubiri sindano. Haikuja. Nikavuta tena. Haikuja. Jumapili nikasimama hapa.

Hili ndilo sikulisema siku ile. Kile kilima cha kutoka kwangu kuja kanisani, nimekipanda miaka yote na dumu begani bila kusimama. Jumapili ile ya ushuhuda nilikipanda mikono mitupu, nikasimama mara mbili. Mara ya pili niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mke wangu alinitazama, kisha akatazama viatu. Vilikuwa viatu visivyo na kamba.

Naona mnacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya ibada alinifuata mama mmoja wa kwaya. Yupo hapa leo na amenipa ruhusa, ila jina silitaji. Akaniambia, "Kaka, na mimi nikivuta pumzi kinanidunga, hapa kushoto. Huyo mzee nampataje?" Nilimchorea njia nyuma ya karatasi ya matangazo: pa kushukia, mti wa kupindia, nyumba ya bati jekundu. Nilimwelekeza vizuri sana. Nikamwambia na zile wiki mbili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi. Maumivu hayakurudi, lakini kilima kilizidi kurefuka. Mara mbili zikawa nne, nne zikawa sijui ngapi. Usiku nililala kwa ubavu wa kulia tu, nikigeuka kushoto nilikosa hewa. Nikaendelea kuwajibu watu kwamba mimi nimepona, maana ningejibu nini tena? Mtu aliyepigiwa makofi haanzi kukohoa hadharani.

Aliyenitoa humo si mtu wa kanisa hili wala la jirani. Ni mwenye duka mmoja mjini, Mwislamu, asili yake Tanga, ananunua mawese kwangu miaka mingi. Nilimpelekea dumu moja, nikaketi kwenye kiti chake kabla hajanikaribisha. Akanisikiliza kidogo. Akasema, "Bwana Mawese, zamani ulikuwa unanipigia kelele kwa pumzi moja. Leo unakata maneno kama mtu yuko mlimani, na umekaa."

Nilimweleza kwamba nilishapona, tena nimeshashuhudia mbele ya watu.

"Sawa," akasema, akichukua funguo za pikipiki. "Kashuhudie na kwa daktari."

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa kwanza. Aliniuliza maswali kwa utaratibu, nami nikajibu kwa utaratibu, na nilipoyasikia majibu yangu yamepangwa mstari mmoja, homa ya jioni, kikohozi, mkanda, kilima, nilianza kuona aibu. Kisha akanigeuza, akaweka kidole mgongoni mwangu na kukigonga kwa kidole kingine. Akaanza juu, akawa anashuka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mimi nauza mawese. Dumu la mtu nalijua limejaa kiasi gani bila kulifungua: naligonga ubavuni kuanzia juu. Penye uwazi linaitika. Panapoanza mafuta linanyamaza. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Daktari aligonga upande wa kushoto, juu mpaka chini, ukaitika wote. Akaja kulia. Ngo, ngo, ngo. Halafu chini kidogo ya bega, du. Na chini yake, du.

Nikasema, "Limejaa mpaka hapo."

Mkono ukasimama. "Nani amekwambia, baba?"

"Umeniambia wewe. Hiyo sauti naijua."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Picha ya kifua ilipotoka, maji yalikuwa yamefika pale pale tulipopasikia.

Akanieleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Pafu limevikwa ngozi mbili nyembamba. Moja imeshika pafu, nyingine imeshika mbavu kwa ndani, na katikati kuna unyevu kidogo wa kuzilainisha. Ngozi hizo zikiugua, zinakwaruzana kila unapovuta pumzi ndefu, na hicho ndicho kichomi. Kwangu, ugonjwa ulipoendelea, maji yalijaa katikati. Ngozi zikaachana. Zisipogusana hazikwaruzani, na mwenye kifua anasema amepona.

"Maumivu yako hayakupona, baba," akasema. "Yalizama."

Walitoa maji kwa sindano, ya manjano kama chai ya mchaichai. Walipoyapima na kuunganisha na mengine, ikawa ni kifua kikuu, kimeshika ile ngozi ya pafu. Mke wangu na watoto waliitwa wakapimwa, wakakutwa salama. Mimi nikaanzishiwa dawa za miezi sita. Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu kama mzigo wangu wa Kasulu, nikadhani nimekwisha, kumbe ni rangi ya vidonge.

Nilikuwa nimelazwa wodini nikitazama dari, nafuu yangu ya kwanza baada ya wiki nyingi, ndipo nikaikumbuka ile karatasi ya matangazo.

Nilipiga simu ya yule mama. Haipatikani. Nikapiga tena mpaka chaji ikaisha. Siku iliyofuata alikuja kuniona mzee wetu mmoja wa kanisa. Nikamwomba jambo moja: kwenye maombi ya jioni hiyo hiyo atangaze kwamba ushuhuda wangu haukuwa sahihi, na yeyote aliyeufuata aende hospitali.

Mzee alisogeza kiti karibu. Mnamjua, hasemi haraka. Akasema ushuhuda ulishapokelewa. Akasema watu wachanga wa imani watasumbuka. Akasema labda tungoje nitoke, nieleze mwenyewe taratibu. Yote hayo aliyasema kwa upendo, wala simlaumu.

Nikamwambia, "Mzee, Mungu hakusema nimepona. Nilisema mimi. Yeye hana cha kufuta hapo."

"Na makofi yale?"

"Waambie yaliwahi."

Alitangaza. Alisema maneno yangu kama nilivyompa, bila kuyapamba. Akauliza pia alipo yule mama wa kwaya niliyemtaja kwake; mtu mmoja akajibu kwamba yuko Nyabibuye kwa binti yake aliyejifungua. Kulipokucha mzee alipanda pikipiki yake mwenyewe, kwa umri ule na barabara ile, akaenda.

Alimkuta ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, anatetemeka kwa homa na midomo imekauka. Kwa mzee wa pembe alikuwa amechelewa kwenda, na chale ubavuni hazijafunga. Mjukuu amelazwa pembeni yake. Mzee akamuuliza kwa nini hakwenda zahanati. Akamjibu, "Nasubiri kiishe kama cha yule kaka. Bado siku tatu."

Bado siku tatu. Hesabu hiyo nilimpa mimi.

Yeye hakuwa na ugonjwa wangu. Alikuwa na nimonia, upande mzima wa kushoto. Alilazwa, akapewa dawa kwa mshipa, na leo amesimama mstari wa pili wa kwaya, mmemsikia. Daktari aliniambia kwamba zile siku tatu asingezimaliza. 

Nilichojifunza ni hiki. Kichomi ni mlango mmoja wenye magonjwa mengi nyuma yake. Nyuma yake kuna msuli tu, au ubavu uliopata ufa. Kuna nimonia. Kuna kifua kikuu. Daktari alisema kuna hata damu iliyoganda mguuni ikapanda kuziba kwenye pafu. Mwenye hiyo hudungwa ghafla, hukosa pumzi, pengine hukohoa damu au mguu mmoja umevimba, na huyo hangoji kesho. Mwenye kudungwa hawezi kujua ni lipi. Jirani yake aliyepona hawezi pia. Na maumivu kuondoka si jibu, kama pumzi nayo inaondoka.

Ninamshukuru mke wangu, aliyehesabu nikisimama na hakunitangaza. Ninamshukuru mwenye duka, daktari, na mzee wetu. Ninamshukuru mama wa kwaya, ambaye nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza kwanza kama nimemeza vidonge vya siku hiyo. Zaidi ya wote namshukuru Mungu, ambaye nilimsemea bila kutumwa na bado akanivumilia.

Mtaona leo sijasema nimepona. Nimemeza miezi minne, imebaki miwili. Kilima nakipanda kwa kusimama mara moja, na nikisimama nasimama wima, sigusi viatu.

Kabla sijaketi, naomba kila mmoja avute pumzi taratibu mpaka mwisho wake. Msinyooshe mikono. Ambaye pumzi yake imekatwa katikati, amejijua. Asinifuate mimi nje ya mlango. Mimi najua sauti ya dumu tu, na njia sichori tena, isipokuwa ya hospitali.