Tuta la Mawe Yaliyoungua

Benchi la mbele ya duka la kijiji, huko jimbo la Cork, lina miguu mitatu na jiwe. Asubuhi ile Delia Twomey alifika na birika lake mwenyewe la chai, maana alikuwa na shida, na mwenye shida haendi mikono mitupu. Shamba lake la chini limegeuka bwawa, ng'ombe wawili wameoza kwato. Dawa ni mfereji. Ila njia ya mfereji imezibwa na tuta jeusi la mawe yaliyoungua, kazi ya watu walioishi kabla ya chuma kujulikana, na Con wa katapila, aitwaye Dizeli, hataki kuligusa mpaka ajue lilikuwa la nini.

— Kama ni jiko, nalifukua kabla ya chakula cha mchana, alisema Dizeli. Kama ni la wale wasioonekana, mama, simo. Mjomba wangu alikata mti wao wa miiba, mdomo ukaenda upande.

— Mdomo wa mjomba wako ulipindishwa na wiski, alisema Delia. Kunywa chai.

Mwalimu Nusu, mmoja wa wazee wawili wa benchi lile, aliyefukuzwa chuo muhula wa pili, akakohoa.

— Jiko hilo. Unachimba hori, unajaza maji, unatumbukiza mawe ya moto, paa anaiva humo humo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Umesikia, Dizeli? Jiko! Nenda kawashe mtambo.

— Jiko lisilo na mfupa? aliuliza mwenzake, Askofu, aliyetumikia altareni miaka miwili na hajashuka mpaka leo. Nimelikanyaga tangu utoto, sijaona hata ubavu wa kuku. Lile ni bafu. Wanaume wazima, uchi, kwenye mvuke.

— Kwa baridi hii?

— Ndiyo maana ya mvuke, mama. Mchelea mwana hulia mwenyewe.

— Mwana gani tena, Askofu?

— Bia! Mwalimu Nusu alidakia. Sasa nimekumbuka. Walichemsha shayiri. Kiwanda kizima, wafalme wanapanga foleni.

— Basi walioga ndani ya bia, alisema Askofu, na hapo ndipo ukoo wako ulipoanzia.

— Penye bia wasioonekana hawakosi, alisema Dizeli. Simo.

Delia akawamiminia tena, ameuma meno. Alihitaji uongo mmoja tu ambao wazee hawa wawili wangekubaliana juu yake. Mtu angedhani anawaomba figo.

Mleta barua mpya, binti aliyetoka jimbo la Mayo, wiki yake ya pili pale, alikuwa ameegemea ukuta akisikiliza.

— Samahani wazee, hilo hori lilipata wapi maji?

— Kwenye chemchemi yangu, alijibu Delia kwa maringo. Iko hapo hapo, haijakauka hata siku moja.

— Na mkikata mfereji, maji yatashukia wapi?

Macho manne ya wazee yakateremka mteremko, yakapita kanisa, yakatua kwenye nyumba moja nyeupe, mpya, iliyokamilika Pasaka. Ya Dizeli.

Dizeli akaweka kikombe chini taratibu.

— Nilisema tangu mwanzo. Ni la wale wasioonekana.

Delia akatikisa birika. Majani matupu.

— Sawa, baba. Basi fungua geti la bustani yako. Ng'ombe wangu watalala kwako mpaka wasioonekana wahame.