Viongozi Kumi na Wanne, Mwanachama Hakuna

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kijiko, acha kukigongagonga. Na hiyo simu ilaze kifudifudi, aliyepiga atapiga tena. Nataka kimya cha mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Nikisikia mtu anatafuna, naanza upya.

Benchi lilikuwa nje ya duka la Bi Tekla, kule Ealing, magharibi ya London, ng'ambo ya kanisa letu sisi Wapolandi. La mbao, rangi ya kijani, na upande wa kushoto lina msumari uliochomoza ambao kila mtu anaulalamikia na hakuna anayeugonga. Kahawa ya Bi Tekla ni ya glasi: unga chini, maji ya moto juu, unangoja machicha yatulie, na ukiwa na haraka utayatafuna. Jumapili hiyo walikaa watatu. Wa kwanza Grażyna, ambaye programu yake huwaambia waoka mikate kesho waoke mingapi. Wa pili Mirek, ambaye kila mtu humwita Tango, kwa kuwa aligundua chombo cha kusikiliza pipa la matango ya chumvi na kusema kama yameiva. Wa tatu Profesa. Chuo kikuu Profesa alikiona dirishani mwa basi, likapita. Programu yake hutafuta soksi iliyopotelewa na mwenzake, na ina watumiaji wanne, watatu wao dada zake.

Katikati yao ilikaa karatasi moja ya kujiandikisha, imebanwa na chupa ya sukari. Walikuwa wanaanzisha chama cha Wapolandi wenye kampuni za kompyuta ughaibuni, ili wajuane, wasaidiane. Padre Kazimierz alishawaambia: chumba cha nyuma ya kanisa ni chenu, nileteeni tu wanachama wa kawaida watatu. Siyo thelathini. Watatu. Mwisho ni Jumapili hii, misa ikitoka saa sita. Wakikosekana, chumba wanapewa wapiga tarumbeta. Wiki sita zilikuwa zimepita. Viongozi kumi na wanne walikwisha kujiandikisha. Mwanachama wa kawaida, hata wa dawa.

Tango na Profesa waliona ni mchezo mtamu. Grażyna hakuona hivyo. Baridi yake ya kwanza London aliishi chumba kimoja mtaa wa Acton, akizungumza na birika. Siku moja aliletewa mkataba. Alitaka mtu mmoja tu, amuulize swali moja tu. Hakumjua yeyote. Akaweka sahihi, na programu yake ya kwanza ikaenda na sahihi ile kama sukari ndani ya chai. Chumba cha padre alikitaka kwa ajili ya hilo: meza moja, na mtu wa kuulizwa.

— Saa tano na nusu, alisema Grażyna. Jamani, watatu tu. Kwa nini watu hawajiungi?

— Dada, hilo nimelichunguza, alisema Tango. Ni treni.

— Treni imefanya nini?

— Mpolandi akiwa nje, akisikia lugha ya kwao ndani ya treni, anafanya nini? Ananyamaza. Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa anaeleza kwa simu habari za nyongo yake, kwa lugha yetu, safi kabisa. Nilijifanya Mnorwe vituo saba.

— Wewe na pua hiyo, Mnorwe?

— Nilitazama nje kwa huzuni. Inatosha.

Profesa alikoroga kahawa yake taratibu, kama anayeitwa kutoa ushahidi.

— Treni ni dalili tu, ndugu yangu. Ugonjwa wenyewe ni salamu. Mwingereza ukimuuliza hujambo, anasema sijambo, anaondoka. Mpolandi ukimuuliza, anakujibu. Anaanza na ini, anashuka kwenye goti, anamalizia na serikali. Sasa chukua mkutano wa watu thelathini. Kila mmoja amsalimu kila mwenzake, na kila salamu ina dakika tisa. Nimepiga hesabu. Tunafungua mkutano Jumapili, tunamaliza salamu Ijumaa.

— Na wewe hujambo, Profesa? aliuliza Tango.

— Usiniulize. Mgongo huu.

— Unaona, dada?

Grażyna alicheka bila kupenda, kahawa ikampalia. Bi Tekla akatoka dukani na kitambaa, akampiga mgongoni, akabaki mlangoni kusikiliza.

— Mimi nasema ni aibu, Tango aliendelea. Aliyefanikiwa anajificha, binamu wasije kuomba kazi. Aliyeshindwa anajificha, mama yake asije kusikia.

— Basi nani anabaki wa kujiunga?

— Sisi. Ambao hatujajua tuko kundi gani.

— Hapana, hapana, alisema Profesa, naye sasa macho yalikuwa yanang'aa. Mmewahi kutazama ndani ya birika la London? Chokaa tupu. Maji haya tunakunywa kila siku. Chokaa inapanda, inapanda, inafika sikioni, inaganda pale hasa panaposikia neno jiunge. Neno mwenyekiti linapita vizuri, kwa kuwa lina uzito, linavunja chokaa. Jiunge ni jepesi, linateleza.

— Dawa yake?

— Siki. Matone mawili kila sikio.

— Maji ya matango yangu yangefaa zaidi, alisema Tango. Lakini mnakosea wote. Ni simu. Simu zinatuficha makusudi. Zimegundua kwamba Wapolandi wawili wakikaa karibu kwa saa moja, wanaanza kujenga banda. Hawajui ni banda la nini, lakini wanajenga. Watatu wakikaa, banda linapata ghorofa. Simu zimeingiwa na hofu. Mji utajaa mabanda. Kwa hiyo ukipita mtaa huu, simu inakupeleka ule.

— Kwa hiyo sisi watatu tumekutanaje hapa?

— Mimi simu yangu ilizimika.

— Ni msumari, alisema Bi Tekla.

— Msumari gani, Bi Tekla?

— Huo. Kila mgeni anayekuja kujiandikisha mnamkalisha kushoto.

Wakapuuza. Profesa alikuwa ameshaanza kueleza njiwa wa kituo cha treni walivyofunzwa kunyakua matangazo ya chama, na Tango anaapa amemwona mmoja na gundi mdomoni, na Grażyna machozi ya kicheko yanamtoka huku jicho moja liko kwenye saa ya kanisa. Saa sita kasoro kumi. Akafuta machozi.

Hapo ndipo akatokea mwanamke na sanduku lenye gurudumu moja. Gurudumu la pili alilishika mkononi.

— Samahanini wakubwa. Naitwa Jagoda. Nimetoka nyumbani, Rzeszów, leo siku ya nane. Nina programu inayosikiliza mizinga ya nyuki, inajua malkia akiwa mgonjwa. Nimesikia hapa kuna chama.

— Kipo, alisema Profesa, akasimama na kufunga kifungo cha koti. Umebahatika. Tunazo nafasi. Unaweza kuwa makamu wa tano wa mwenyekiti, au katibu wa mambo ya bahari.

— Kuna bahari?

— Huwezi kujua.

— Hapana, asante. Mimi nataka kuwa mwanachama wa kawaida tu.

Glasi ya Tango ilisimama njiani kuelekea mdomoni. Grażyna alikunja kidole. Mmoja. Jagoda akaketi, upande wa kushoto, akaruka, akaketi tena mbali na msumari.

— Ila kabla ya kuandika, nawaulizeni. Mwanachama wa kawaida anafanya nini?

Profesa alitoa katiba mfukoni. Kurasa arobaini na moja. Akafungua ya kwanza: mwenyekiti atakaa wapi. Ya saba: makamu watasimama wapi mwenyekiti akikaa. Ya kumi na tisa hadi thelathini: muhuri, nani aubebe, nani ambebe anayeubeba akiugua. Akapindua, akarudi, akalamba kidole, akapindua tena. Tango akachungulia begani kwake.

— Jaribu nyuma, alinong'ona.

— Nyuma ni shukrani kwangu.

Benchi likanyamaza. Tangu liletwe pale halijawahi kunyamaza. Bi Tekla mwenyewe alitoka kabisa nje kuona kama kuna aliyekufa.

— Basi si neno, alisema Jagoda, akasimama na kuvuta sanduku lake linalochechemea. Nilidhani labda kuna mtu wa kunisomea kitu. Kesho asubuhi natakiwa niweke sahihi. Nitaweka tu.

— Lete, alisema Grażyna.

Ulikuwa mkataba. Grażyna hakusoma kutoka juu. Alikwenda moja kwa moja ukurasa wa nne, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyowahi kuibiwa na kujua dirisha lipi. Mstari ulikuwa pale pale, umevaa maneno mengine.

— Usisaini. Hapa wanasema kila utakachobuni ni chao, hata ukibuni usingizini. Kesho nitakwenda nawe. Nitakaa pembeni, wakikuharakisha nitakohoa.

Jagoda alitazama mkataba, akamtazama yeye, akaketi. Juu ya msumari. Hakuusikia.

Grażyna akachukua kalamu, akaivuta ile karatasi ya chini ya chupa ya sukari. Alikata jina lake palipoandikwa mweka hazina, akalishusha chini kabisa, safu ya wanachama wa kawaida, iliyokuwa nyeupe wiki sita. Jagoda akaandika la pili. Kengele ya kanisa ikaanza kulia.

— Padre anatoka, alisema Tango. Bado mmoja. Profesa?

— Wewe je?

— Mimi mtunza muhuri. Nikishuka, muhuri utalala njaa.

— Mimi mwenyekiti, bwana. Mama yangu ameshawaambia mtaa mzima.

Padre Kazimierz alikuwa anavuka barabara, ameshika mkono wa mpiga tarumbeta mmoja. Grażyna alimsogezea Profesa kalamu, na glasi yake mwenyewe ya kahawa, ya mwisho, maana birika la Bi Tekla lilikuwa limekauka. Profesa akanywa. Akatafuna machicha. Akainama, akaandika kwa mwandiko mkubwa: Mwanachama Mkuu.

Grażyna akakata Mkuu. Padre akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akatoa ufunguo.

Sasa nani alirithi nini. Chumba kilipata meza, na Jagoda kila Jumapili hukaa pale kuwasomea wageni mikataba. Safu ya wanachama imeshakula karatasi nne. Muhuri alibaki nao Tango, hupiga kwenye vifuniko vya mitungi ya matango. Katiba ilimwangukia Bi Tekla, anafungia samaki wa moshi, na amefika ukurasa wa makamu wa tatu. Profesa alirithi kikohozi cha Grażyna, yeye ndiye huenda kukohoa wageni wakiharakishwa, na hakuna anayekohoa kwa heshima kama yeye. Wapiga tarumbeta walipata banda. Tango na Profesa waliwajengea nyuma ya kanisa, lina ghorofa. Na Grażyna alirithi msumari. Nyundo ipo. Anasema mgeni akiukalia asiruke, ujue kapata alichokifuata, na atakayeugonga atamjua yeye ni nani.