Mwalimu Jamleck na Mkwaju Ambao Haukupigwa

Bwana asifiwe. Kwa wale ambao hawanijui, mimi ni Rahab, kitinda mimba wa boma hili na dada yake marehemu, na hii ni mara ya tatu nasimama mahali hapa na karatasi ya aina hii mkononi, ya kwanza ilikuwa ya baba, ikafuata ya mama, na leo ni ya kaka yangu, kwa hivyo mtanivumilia nikisoma polepole, maana nimechoka. Ile programu mliyopewa langoni ina historia yake kwenye ukurasa wa pili, imechapishwa vizuri na picha ni nzuri, lakini hii nitakayosoma ni ndefu kidogo, na tukifika mahali mkatafuta kwenye programu msipate, msihangaike, sehemu hiyo iko kwenye daftari hili.

Marehemu Mwalimu Jamleck Muriuki Gathogo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 hapa hapa Kabazi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gathogo na marehemu mama Wairimu, ndugu yake Ephantus, na wengine wawili waliotangulia mbele za haki. Alianza masomo katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya kijito mwaka wa 1973, akaendelea na sekondari mjini Nakuru kuanzia 1980 hadi 1985, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka wa 1989 katika somo la Hisabati, somo ambalo alilipenda hata akakera watu nalo, maana hungeweza kuuza gunia la viazi mbele yake bila yeye kukuhesabia upya. Alikuwa na msemo wake, kwamba anayehesabu mwenyewe hadanganywi, na msemo huo mtaukumbuka tukifika mbele.

Aliajiriwa tarehe 8 Januari 1990 katika Shule ya Upili ya Wavulana ya Mawe Matatu, kule nyuma ya Gilgil, na hakuwahi kuhama. Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na Wanjugu, ambaye mnamwona ameketi pale mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sue Wairimu na Gathogo mdogo. Mwaka wa 1996 alianzisha timu ya raga, wakati huo uwanja wa shule ulikuwa na ng'ombe wengi kuliko wachezaji, na tangu mwaka huo wifi yangu Wanjugu hakuona Jumamosi ya mumewe tena hadi alipougua.

Kila baada ya mechi marehemu alikuwa akiandika ripoti ya kila mchezaji, mstari mmoja mmoja, kwenye daftari la kurasa mia mbili, na Jumatatu jioni aliwasomea vijana wote wakiwa wamesimama. Hakuwa mtu wa kupaka asali. Hapa ninalo la mwaka wa 2019, ule mwaka ambao timu ilikuwa nzuri kuliko zote, na tarehe 26 Januari, siku waliyoanza msimu kwa kushinda ishirini na nne kwa kumi, ameandika kwamba Kibii anakimbia vizuri sana akikumbuka kubeba mpira, kwamba Maxwel ni ukuta ila apunguze chapati kabla ya mechi, na kuhusu Kigen, namba kumi, yule mpigaji mikwaju, ameandika maneno matatu tu, hakuna la kusema. Hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa ambayo kaka yangu alikuwa nayo. Nimehesabu mwenyewe, Kigen aliandikiwa hakuna la kusema mara saba mwaka huo, na timu ikashinda mechi nane mfululizo, vijana wakaingia fainali ya kanda kwa mara ya kwanza.

Sasa tumefika pale programu inaposema kwamba mwaka wa 2019 marehemu aliifikisha timu fainali, kisha inaruka hadi ugonjwa. Kaka yangu Ephantus na kamati ya mazishi waliona ni heri iruke, wakasema historia ya marehemu si mahali pa kuungama, na siwalaumu, wote tumechoka na kila mtu anataka tumzike kwa heshima. Lakini haya niliyoandika humu aliyatamka Jamleck mwenyewe, na nilipomuuliza Wanjugu alinijibu mbele ya kamati, "Wee Rahab, soma, mimi nimeishi na hiyo kitu miaka sita ndani ya nyumba." Kwa hivyo nasoma.

Tarehe 30 Machi 2019, siku ya Jumamosi, katika uwanja mmoja pale Nakuru mjini, Mawe Matatu walicheza fainali na shule ambayo sitaitaja, maana waliochukua kombe hawana kosa. Zikiwa zimebaki dakika chache, Kibii alifunga trai, na kwa wasiojua mchezo huu, trai ni alama tano, halafu unapewa mkwaju wa ziada wa alama mbili. Wakati Kigen anaupiga mkwaju huo, marehemu alikuwa amepiga magoti kando ya uwanja akimhudumia Maxwel, ambaye alikuwa ameteguka bega na analia, hakuangalia, alisikia tu mpira ukigonga ule mlingoti wa chuma, ngo, na watu wakaguna. Akajua umekosa. Akaandika sufuri kwenye daftari. Ukweli ni kwamba mpira uligonga mlingoti ukaangukia ndani, alama mbili zikahesabiwa, na kila mtu uwanjani alijua kwamba wako kumi na saba kwa kumi na tisa, isipokuwa mwalimu wa Hisabati, ambaye kwa hesabu yake walikuwa kumi na tano.

Dakika ya mwisho Mawe Matatu walipewa adhabu mbele kabisa ya milingoti, hatua kama ishirini, na mkwaju wa adhabu ni alama tatu, yaani kombe. Kutoka hapo Kigen hakuwa amekosa hata mara moja msimu mzima, imeandikwa humu. Lakini kwa marehemu alama tatu hazikutosha, alitaka trai, kwa hivyo akainua ngumi, na ngumi katika timu hiyo ilimaanisha msipige, kimbieni nayo. Mwalimu Cheptoo, aliyekuwa meneja wa timu, alikuwa upande ule mwingine akipiga kelele, "Tatu, Jamleck! Tatu zinatosha!" lakini kwa zile kelele za mashabiki hakusikika. Kigen aliangalia ile ngumi, akaangalia milingoti, akaangalia ngumi tena. Marehemu alisema hiyo mara ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa sababu kijana yule alijua alama, ni yeye aliyezipiga, alijua kocha wake amekosea, na bado ngumi ilikuwa juu. Akakimbia. Walimwangusha, mpira ukamtoka, filimbi ikalia.

Marehemu alijua kosa lake refarii alipotangaza matokeo. Ndani ya basi la shule alikaa kiti cha mbele, hakugeuka nyuma hadi Gilgil. Jumatatu kwenye paredi, mbele ya wanafunzi mia nane, mwalimu mkuu wa wakati huo aliuliza ni nani aliyeamua mkwaju usipigwe, na kijana yule akajibu, "Ni mimi, sir." Kaka yangu alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake, filimbi shingoni, akanyamaza. Jamani, mimi nampenda kaka yangu, nimemwosha na kumlisha, lakini hapo nilimkasirikia na bado nimemkasirikia, na sioni aibu kuyasema haya akiwa amelala hapa mbele yangu.

Kigen alibandikwa jina la Mbio. Aliachwa nje ya timu ya kanda aliyokuwa ameahidiwa, hakugusa mpira tena, mkutano wa wanafunzi wa zamani hajawahi kuhudhuria hata mmoja, na hata baba yake mzazi, nasikia, alikuwa akimtania nalo mbele ya wageni. Siku hizi anatengeneza magurudumu ya malori pale Salgaa, na hajawahi kumwambia mtu yeyote habari ya ile ngumi.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alipatikana na sukari mwaka wa 2021, figo zikaanza kulegea Oktoba 2023, na tangu hapo nilikuwa nampeleka kusafishwa damu Nakuru kila Jumanne na Ijumaa, miezi kumi na sita. Vijana wengi wa timu walikuja kumwona, na Kigen alikuja mara tatu kutoka Salgaa, kila mara na kibuyu cha mursik, ingawa marehemu alikuwa amekatazwa maziwa na kibuyu kikawa changu. Walizungumza habari za mvua na za malori. Kila alipoondoka, kaka yangu aligeukia ukuta. Mara ya tatu, tarehe 4 Februari mwaka huu wa 2025, hakugeuka, aliniambia nichukue daftari na kalamu, akanitamkia yote niliyowasomea. Nilimwambia, mpigie simu umwambie mwenyewe, kijana bado hata hajafika barabarani. Akasema hana uso wa kumwambia. Aliaga dunia Jumatano tarehe 12 Februari, saa tisa alasiri.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kile kitengo cha figo, hasa sista Jemutai ambaye alimzoea hata akamruhusu ahesabu dawa zake mwenyewe, tunawashukuru majirani wa Kabazi kwa kuni, maji na kulala nasi siku tisa hizi, tunawashukuru walimu wenzake wa Mawe Matatu, na timu ya raga, ambao wamebeba jeneza kutoka langoni bila kupokezana.

Limebaki jambo moja, halafu nikae. Katika daftari hili, tarehe 30 Machi 2019, kila mchezaji ana mstari wake, Kibii anao, Maxwel anao, isipokuwa namba kumi, ambapo pameandikwa jina tu na nafasi ikaachwa wazi. Miaka sita imekaa wazi. Marehemu aliniagiza niijaze kwa mwandiko wangu na kuisoma jinsi alivyokuwa akisoma yeye, mbele ya timu nzima. Kigen, nakuona hapo umeshika nguzo ya hema, usitoke. Inasema hivi: Kigen, namba kumi, alijua hesabu, kocha hakuijua. Alitii. Kosa ni la kocha, na kunyamaza pia ni kwa kocha. Kuhusu Kigen, hakuna la kusema.

Jamleck, sasa lala kwa amani. Na wewe Kigen, mwanangu, ungali mzima, nawe pia pumzika.